Mlango wa Chumba cha Kupimia Injini

Injini sizipendi, na sababu ninayo. Baba yangu alikuwa mpimaji wa injini za petroli, zile za mwanzo mwanzo, zilizokohoa zaidi kuliko kuzunguka. Mafundi wenzake walimwita Bwana Mizani. Alizungusha kamba kwenye gurudumu la injini, ncha moja akaining'inizia mawe ya uzani, nyingine akaifunga kwenye mizani ya springi. Kamba ilipobana, mshale ulimwonyesha nguvu ya injini. Petroli aliitia kwenye chupa ya kioo, ajue injini inakunywa kiasi gani kwa kazi hiyo.

Mama ndiye aliyelimwagia gurudumu maji kwa kopo, kamba isiungue. Alikuwa na maneno, mama yangu. "Injini yako ina adabu, mume wangu," alimwambia. "Kaka yangu angekuwa ameshaimaliza hiyo chupa." Baba alicheka mpaka hesabu zikampotea, wakaanza upya.

Adui wa baba alikuwa upepo. Ukiingia, mshale ulichezacheza asiweze kuusoma. Kwa hiyo alifunga mlango na madirisha, na moshi wote wa injini ukabaki ndani pamoja nao.

Siku moja mwenye karakana alikuwa akisubiri majibu ya kipimo cha injini mpya. Mama akasema kichwa kinamuuma.

"Vumilia kidogo, mke wangu. Chupa inakaribia kwisha."

Mama akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Baba hakugeuka, macho yake yalikuwa kwenye mshale. Aliposikia harufu ya kamba kuungua, hasira zikampanda.

"Maji!" akafoka. "Maji, mama! Unaniharibia kipimo!"

Kopo lilikuwa mapajani mwa mama, bado lina maji. Baba alimbeba hadi nje, akampepea, akamwita kwa majina yote ya mapenzi aliyoyajua. Mama hakuamka.

Baada ya mazishi mwenye karakana alikuja kutupa pole, kisha akauliza kama kipimo kilikuwa kimeshapatikana. Nilikuwepo. Mpaka leo najuta kwamba sikumng'ata.

Baba alirudi kazini maana tulihitaji kula, ila mlango hakuufunga tena. Mshale ukacheza, vipimo vikavurugika, mwenye karakana akapiga kelele.

"Acha ucheze," baba alimjibu. Akafukuzwa.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na habari za siku ile hakuzigusa. Nami sikumuuliza, nilimwonea huruma. Kisha siku moja, nimeshakuwa mtu mzima, nilimwambia mezani kwamba kichwa kinaniuma. Nje mvua ilikuwa kubwa. Akainuka, akafungua mlango, akafungua na madirisha yote, maji yakaingia mpaka kwenye matandiko.

"Ni mafua tu, baba."

Alinishika mkono, akanivuta kuelekea mlangoni huku analia.

"Toka nje, mwanangu. Toka kwanza. Kipimo tutarudia."