Chai ya Msimu wa Korosho

Msimu wa korosho kule Kilangala ulianza na harufu ya mabibo, matunda ya mikorosho, yaliyodondoka na kuanza kuchacha. Ni harufu tamu, yenye ukali kidogo puani, na kwangu hadi leo ni harufu ya njaa. Miezi mingine yote asubuhi tulikula muhogo wa kuchemsha, kunde zikiwepo, kwa chai ya rangi isiyo na sukari. Korosho zikianza kuokotwa, sukari iliingia nyumbani na muhogo ukaondoka. Mama aliona aibu tuonekane tukitafuna muhogo asubuhi msimu huo, majirani wangesema tumekosa mavuno. Basi tulikunywa chai tupu, tamu hadi midomo inanata, tukaenda shambani. Chakula kilipikwa tukirudi adhuhuri.

Mwanzoni tulikuwa moto wa kuotea mbali. Tuliimba, tukakimbizana kati ya mikorosho, na dada yangu Somoe ndiye aliyetangulia kujaza ndoo. Jua likipanda kidogo tu, mikono ilitetemeka, kichwa kikawa kizito, na neno dogo lilitosha kutugombanisha. Tulifyonza mabibo, tukachangamka kidogo, kisha tukalegea kuliko mwanzo. Mimi nililia. Somoe alikaa chini akakataa kuinuka.

Hapo ndipo ninapokasirika. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtoto yuleyule, miezi ya muhogo, alipalilia mpaka adhuhuri bila kulalamika. Mama alimwongezea Somoe sukari, na alipolegea tena akamwita mvivu. Shangazi akalidaka neno hilo, kisha kijiji kizima. Siku moja Somoe alisema kwa sauti ya chini, "Mama, mie nina njaa."

Mama akamjibu bila ukali, "Njaa gani, na sukari yote ile umekunywa?"

Somoe hakuitaja njaa tena. Alipomaliza darasa la saba, mjomba wetu wa Kilwa Masoko alitaka kumchukua amfundishe ushonaji. Mama alimwambia asijisumbue, huyu kazi haiwezi. Akaenda binti wa shangazi.

Siku hizi sukari haina msimu. Hapa Masoko ninapoishi, wanangu wanaipata kila duka, kwenye soda na juisi za pakiti, nami nawaona wakichangamka, wakinuna, kisha wakidai kula tena. Nawapa muhogo na maharage kwanza. Hilo ni rahisi. Lisilo rahisi ni Somoe. Juzi alinipigia simu asubuhi, ameshalima, ameshafua, ameshamwogesha mama ambaye sasa haoni vizuri. Nikamsihi apumzike. Akacheka.

"Nipumzike tena? Si unajua mie mvivu tangu utotoni."

Nikamwambia, "Dada, ile ilikuwa njaa tu."

Akaniambia nisimsingizie mama.