Kikombe cha Maziwa Baada ya Foleni

Nasser wa Tegeta alizaliwa hana subira, na mama yake mzazi hajawahi kulikanusha hilo. Foleni humwasha kama upupu. Ndiyo maana alinunua pikipiki. Kila asubuhi alimpakia bintiye Ahlam mbele yake, juu ya tangi la mafuta, ili mikono yake imzingire asianguke, akamshusha shuleni Mwenge, kisha akaendelea hadi dukani kwake Kariakoo. Magari yakisimama, yeye alijipenyeza kati ya malori mpaka tairi likaribie bomba la moshi, huku akipiga honi na kusonya.

Moshi haukumtisha. Marehemu baba yake, aliyebeba saruji ujana wake wote, alimrithisha dawa: kikombe cha maziwa jioni, na uchafu wote wa kifuani unashuka. Nani Dar hajausikia usia huo? Kila jioni Ahlam aliandaa vikombe viwili, cha baba na chake.

Jambo moja tu Nasser alilifanya bila pupa, nalo ni kuadhini msikitini. Kwenye Magharibi sauti yake ilivutika taratibu, na hata wakaanga chipsi walipunguza redio. Hapo ndipo moyo wake ulipotulia. Lakini tangu kiangazi kilipoanza, pumzi ilikuwa ikimwishia njiani. Akaongeza kikombe cha pili. Wapi!

Mkewe Hamdiya akamburuta hadi zahanati. Daktari Yuliana alimsikiliza kifua, akamuuliza anapita wapi, akamweleza kuwa moshi wa dizeli huvimbisha mirija ya hewa, na kwamba anayebanana nyuma ya lori foleni ikisimama ndiye anayeuvuta kwa wingi. Akamshauri apite njia za ndani na aondoke mapema. Nasser, funguo tayari mkononi, alijitetea kwa maziwa yake.

"Kaka Nasser," daktari akasema, "maziwa yanaenda tumboni, moshi unaenda kwenye mapafu. Hivyo viwili havikutani."

Alitoka amenuna. Binti wa juzi amkosoe marehemu baba yake?

Ijumaa hiyo, katikati ya adhana, pumzi ikakatika. Kipaza sauti kikasambaza kikohozi chake mtaa mzima. Ami Muhannad, mzee wa safu ya mbele, akamshika bega, akaimalizia. Nasser aliona aibu hata akashindwa kumtazama mtu usoni.

Nyumbani hakukalika. Alikuwa akizunguka ua, anakaa, anainuka, Ahlam alipomletea kikombe.

"Kunywa, Baba. Mie changu nishakunywa. Leo kimenisaidia, sijakohoa sana."

Akamuuliza anakohoa tangu lini. Tangu kiangazi, mtoto akajibu. Hakusema kwa sababu dawa alikuwa anakunywa.

Nasser akakiweka kikombe chini. Miaka miwili alimweka mbele akidhani anamkinga, kumbe moshi ulimfikia mtoto kwanza. Akamkumbatia, akalia bila kujificha. Adhana Mola akitaka aichukue, alisema moyoni, ila pumzi ya huyu amwachie.

Kesho yake jioni alimpeleka kwa daktari Yuliana. Jumatatu waliondoka mapema, Ahlam amekaa nyuma, wakapita njia ya ndani ya Salasala, mashimo matupu. Mbele yao mkokoteni wa maji uliziba njia nzima, ukijikokota. Kidole cha Nasser kilikwenda kwenye honi, kikarudi. Akazima pikipiki, akangoja.