Maneno Mawili Katika Barua

Mwezi wa Machi 1953 nilimpoteza kaka yangu. Alifia hospitalini Bukoba, na hapa kwetu Kimwani mtu wa kwanza kujua nilikuwa mimi, kwa sababu nilikuwa nimefika darasa la sita.

Tarishi alileta barua asubuhi. Mama alikuwa anafunga ndizi za kupika katika majani, azipeleke Muleba zipande lori zimfikie mgonjwa. Alimpa tarishi punje za kahawa atafune, kama apewavyo mgeni kwetu, kisha akaniambia, "Soma."

Ilikuwa ya Kiingereza, mistari mitatu. Katikati paliandikwa "passed away". Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha hayo. Alisema Mwingereza hapendi kumtamkia mfiwa neno kufa; husema mtu amepita, amekwenda mbali. Sisi nasi tuna adabu yetu. Mama haambiwi kifo cha mwanawe akiwa amesimama, tena peke yake. Huitwa kwanza wanawake wa jirani wamkalie kulia na kushoto, ndipo mkubwa wa ukoo aseme. Baba alikwisha kufa. Mkubwa alikuwa baba mdogo, naye alikuwa shambani ng'ambo ya bonde.

"Wanasemaje?"

"Bado nasoma, mama."

"Miaka sita nimelima peke yangu wewe usome, leo mistari mitatu inakushinda?"

Tarishi akacheka. Nikamnong'oneza akamwite baba mdogo na wanawake wa jirani, akaondoka.

"Hali yake ni mbaya," nikamwambia mama. Nilijua ni uongo.

"Basi nakwenda mwenyewe." Akajitwika mzigo.

Nikasimama mlangoni. "Msubiri baba mdogo."

"Lori litamsubiri? Nipishe. Mwanangu ana njaa."

Neno hilo la njaa lilinishinda.

"Mama, hana njaa. Amefariki."

Alisimama na mzigo kichwani, nami sikujua nimpokee au nimshike. Mwishowe akautua mwenyewe, akakaa juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu tarishi akiwa hapa."

Baba mdogo alipoingia na wanawake wawili, alimwona mama amekaa chini, akanigeukia kwa ukali. "Nani amemwambia?"

"Nilimlazimisha," mama akajibu.

Wanawake wakakaa naye, wakaanza kulia. Baba mdogo akaichukua barua mkononi mwangu na kutoka kwenda Muleba, kutafuta lori la kuileta maiti.