Kapiteni Mia Mbili kwa Diploma Moja

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umelala juu ya maporomoko ya Wagenia. Assumani anapanda nguzo ya kufungia mitego bila viatu, kamba ya mtambaa-mwitu begani. Chini yake mto unanguruma na kupasuka, mweupe kama chaki iliyosagwa.

Anasimama kidogo, akitazama mahali ambapo maji yanageuka povu.

"Prof!" anaita Amuri, mume wa dada yake, kutoka nguzo ya pili. "Kamata kamba! Maji haiko na récréation kama shule!"

Wavuvi wanacheka. Assumani naye anacheka, anashika kamba, na dema kubwa linapanda likichuruzika maji. Ndani yake wamo samaki wawili aina ya kapiteni.

"Nilikuwa darasani," ananiambia baadaye, akikunja suruali iliyolowa. "Nikiyatazama haya maji sana, naona ubao. Naona watoto wamekaa kimya, mimi nachora mto kuanzia mkoa wa Shaba mpaka baharini."

Assumani ana umri wa miaka ishirini na sita. Mwaka huu wa 1986 amepata diploma ya graduat ya ualimu, baada ya miaka mitatu ya masomo ya jiografia. Chuo kimempa nafasi ya kuendelea miaka miwili zaidi hadi shahada ya licence. Anatakiwa kujiandikisha kabla ya Jumamosi.

Hapa Wagenia, kila ukoo una mwanya wake kati ya nguzo, pale maji yanapobanwa na miamba. Hakuna anayetega kwenye mwanya wa mwingine. Baba yake Assumani alifariki akimwachia mdogo wake, Yakubu, mwanya mmoja mzuri, ule wa karibu na mwamba mrefu.

Yakubu aliuweka rehani. Bourse, yaani ruzuku ya masomo ya serikali, ilikuwa ikichelewa, na Assumani alihitaji chumba, chakula na vitabu. Mama Aziza, mjane mwenye watoto wavuvi na meza ya samaki sokoni, alitoa zaire elfu thelathini. Tangu siku hiyo wanawe ndio wanaotega kwenye mwanya huo, hadi deni litakapolipwa.

Assumani alikuwa amepiga hesabu yake bwenini. Mwalimu wa graduat analipwa zaire elfu tatu na mia mbili kwa mwezi. Akitoa nusu, deni lingekwisha kabla ya miaka miwili. Na kwa kuwa zaire inazidi kupoteza thamani, aliona deni litazidi kuwa jepesi.

"Nililala usingizi mtamu na hesabu hiyo," anasema.

Mwezi uliopita alimpelekea Mama Aziza zaire elfu mbili, pato lake la kufundisha watoto wa jirani. Mama hakunyoosha hata mkono.

"Mutoto yangu, hii noti nitaikaanga na mafuta gani?" alimwuliza. "Mimi nilikopesha samaki. Muulize tonton yako, Yakubu."

Ilikuwa kweli. Siku pesa zilipotolewa, kapiteni mkubwa aliuzwa zaire mia na hamsini. Mbele ya wazee wa koo zote mbili, Yakubu na Mama Aziza walikubaliana kwamba deni ni kapiteni mia mbili, kila mmoja urefu wa kiwiko hadi ncha ya vidole. Ndivyo wavuvi wa hapa wanavyokopeshana, kwa sababu noti hubadilika na samaki habadiliki. Kila mtu pale ufukweni alilijua hilo, isipokuwa yule aliyekuwa akisoma kwa deni hilo.

"Sikuuliza," anasema Assumani. "Nilidhani deni lolote ni pesa."

Leo kapiteni mmoja anauzwa zaire mia nne. Nusu ya mshahara wa mwalimu inanunua wanne tu kwa mwezi, tena mshahara ukija kwa wakati. Na licence? Mwenye licence analipwa elfu nne na mia nane. Lakini miaka miwili mingine ya masomo ingeongeza deni la samaki mia moja, na bei ya samaki haimngojei mtu amalize mitihani.

Asubuhi hii, madema yakiwa yamekwisha kutegwa tena, anamfuata baba yake mdogo. Yakubu ameketi juu ya mwamba akisuka kamba. Ni mtu mwenye mabega mapana, na hainui macho.

"Tonton, sitajiandikisha."

Kamba inasimama mikononi.

"Bon. Kwa hiyo niliutoa mwanya wa kaka yangu juu ya nusu ya masomo?" Yakubu anauliza. "Nilitaka licencié katika nyumba yetu. Nilikuwa nakuona na suti ya abacost, unapita mjini Makiso, watu wanauliza, huyu mutoto ya nani?"

"Mutoto ya Wagenia, anafundisha mpaka saa sita, saa nane iko kwenye nguzo," anadakia Amuri kutoka nyuma. "Abacost ataivaa na samaki mfukoni!"

"Wewe nyamaza, bofrère," Assumani anamwambia shemeji yake, kisha anamgeukia mzee. "Tonton, nikienda licence, mwanya tutausahau. Watoto wa dada yangu watakua wakiuita wa Mama Aziza."

Anaeleza mpango wake. Shule moja ya Makiso imempokea, na Jumatatu ataanza. Mchana na siku za mapumziko atatega pamoja na Amuri, na kila samaki wa tatu atakuwa wake. Huyo ataenda moja kwa moja kwa Mama Aziza, bila kupita sokoni. Maji yakiwa mema, anatumaini mwanya utarudi baada ya misimu miwili.

"Halafu nitarudi chuoni," anasema, na macho yake yanaelea tena juu ya povu. "Nitakaa mstari wa mbele. Jioni nitashuka hapa, nitege pale karibu na mwamba mrefu. Kila dema likipanda, ada imelipwa. Licence yangu italipwa na mto wenyewe."

Yakubu anaichukua kamba aliyokuwa akisuka, ndefu na mpya, anaikunja vizuri na kumtupia kijana magotini.

"Jumatatu unafundisha nini?"

"Mito ya Zaire, tonton."

"Alors, waambie hao watoto huu mto unapita wapi," anasema mzee. "Waambie unapita kati ya nguzo zetu."