Kopo la Maziwa la Mama

Harufu ya maganda ya kahawa yanayooza ndiyo inayonirudisha Kibosho, msimu ule nilipougua akili nikiwa na miaka kumi na tano. Nilikuwa kidato cha pili, nalala bweni, nikawa nasikia watu wakinisema hata nikiwa peke yangu. Baba alinifuata, akanipeleka hospitali mjini. Nilichomwa sindano, shingo ikakakamaa, mate yakanitoka kama mtoto anayeota meno. Majirani waliambiwa nina malaria kali. Hakuna aliyeamini, lakini wote walikuja kutupa pole ya malaria, na mpaka leo sijui ile ilikuwa heshima au woga.

Vidonge ndivyo vilivyonisaidia. Sauti zilinyamaza, nikawa nachuma kahawa na wenzangu, nacheka. Shule ikakubali kunirudisha. Nilitaka shule kuliko kitu chochote. Nilitaka kuwa mwalimu, nisiishie kushika jembe kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani. Siku ya kufunga sanduku nilimwomba mama vidonge vyangu. Alikuwa ameshavifunga kwenye karatasi ya daftari na kuvitia ndani ya kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati.

"Dawa inamezwa na mgonjwa," alisema. "Wewe unaumwa?"

"Hapana, mama. Lakini daktari alisema nisiache."

"Basi kama huumwi, tuziweke. Zitakufaa siku nyingine."

Simlaumu. Miaka ile hata sabuni ilitafutwa kwa tochi, na malaria tuliitibu hivyo hivyo: ukipata nafuu, unabakiza. Halafu, niseme ukweli, nilifurahi. Vidonge vilinitetemesha mikono, na niliona aibu mbele ya wasichana wenzangu. Ningeweza kubisha. Sikubisha.

Wiki ya nne, katikati ya somo la hesabu, nilipanda juu ya dawati nikimjibu mtu ambaye hakuwepo. Darasa lilicheka, kisha likanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikoniuma. Nililazwa tena, nikapewa dawa nyingine. Shule haikunipokea tena, na jembe nikalishika.

Siku hizi mjukuu wangu anakwenda kwa daktari wa akili, na dawa zake anaziacha mezani hata wageni wakiwepo. Namwonea wivu. Mimi nameza kidonge changu kila asubuhi kwa chai. Tulipomaliza kumzika mama, nililiteremsha lile kopo. Vidonge vilikuwemo, vimegeuka njano, na juu ya karatasi kulikuwa na jina langu, kwa mwandiko wake wa ngumbaru. Alikuwa amevizungushia mfuko wa nailoni, visipate unyevu.