Muzee wa Kiti cha Dirishani

Sitabishana na mtu. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, endelea na shughuli zako. Padri wetu nilimweleza, akakohoa. Mume wangu nimemweleza mara tatu, na kila mara ananiuliza kama nilikunywa ile mvinyo ya bure ya ndani ya ndege. Sikunywa. Nilikunywa kidonge, na habari ya kidonge nitaisema mwenyewe, usinitangulie. Niliyoyaona niliyaona nikiwa nimesimama kwa miguu yangu miwili, tena mchana, huko angani.

Mimi ni mshonaji. Nina mashine mbili huko Kadutu, mtaa wa Bukavu, na sikuwahi kuota kwamba nitapanda ndege. Lakini binti yangu Neema anaishi Montréal, na alikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza iliharibika akiwa peke yake hospitalini, mume wake yuko kazini, hakuna hata ndugu mmoja wa kumshika mkono. Safari hii madaktari walipanga kumpasua siku ya Alhamisi. Alinipigia simu akasema, "Maman, nikiamuka nataka kuona sura yako." Basi. Nilitakiwa kufika kabla ya Alhamisi, nikiwa mzima, na mengine yote yalikuwa kelele tu.

Na kelele nilizipata. Kwanza mguu. Mtu anayekaa kwenye cherehani miaka ishirini na mitano, mguu wake unavimba, na wangu wa kushoto unavimba kuliko wa mtu yeyote ninayemjua. Daktari aliubonyeza, akatikisa kichwa. "Maman, ndani ya ndege usikale saa nzima bila kusimama. Damu ikiganda ku muguu, inaweza panda mpaka ku mapafu. Batu banakufa vile, bamekaa tu." Nikasema nimesikia.

Kisha kiti. Mungu wangu, habari ya kiti! Kuna mtu Bukavu asiyejua kiti kizuri cha ndege? Hata wale ambao hawajavuka mto Ruzizi pale mpakani wanajua. Shemeji yangu alitaka nikae mbele, eti nyuma kunatikisika. Kiongozi wa kwaya akasema karibu na bawa, kwa sababu bawa ndilo linashikilia. Mwingine akasema dirishani nimwone Mungu. Mpwa wangu alikuja na simu, akanionyesha picha ya ndege yote na vijisanduku vya viti vyake, akaniambia nichague. Nikachague nini? Mimi najua kuchagua vitambaa.

Aliyemaliza ubishi ni jirani yangu Maman Riziki, kwa sababu yeye alikwenda kweli. Mwaka uliopita, mwezi wa nane, alimtembelea dada yake kulekule Montréal, na tangu siku hiyo hakuna aliyepumzika na habari za safari yake.

"Mama Neema, usisikie hao batu," akaniambia. "Omba quarante et un C, safu ya arobaini na moya, kule nyuma. Ni viti mbili tu, moya ya dirisha na moya ya njia. Mi nilikala ile ya njia. Nililala toka kupanda mpaka kushuka! Muzee mwenye alikuwa ku dirisha hakunisumbua hata mara moya. Tulifika, yeye anasinzia tu, nikamuacha pale."

Kisha akanipa kidonge alichofunga kwenye kipande cha gazeti. "Kunywa hii. Utaamuka Kanada."

Sasa unaniuliza: daktari amesema usimame kila saa, jirani anakupa dawa ya kulala, wewe ukachukua zote mbili? Ndiyo, nilichukua. Niliogopa ndege kuliko nilivyoogopa mguu. Nilijiambia nitaamka tu mwenyewe, na mtu anayejidanganya hivyo hastahili kuonewa huruma.

Sitakueleza safari yote. Nilivuka Ruzizi kwa miguu na mizigo, nikapanda basi, nikapanda ndege ndogo, nikalala kwenye kiti cha chuma, mkononi nina vifurushi vya watu saba, maana kwetu ukisema unakwenda Kanada mtaa mzima unakuletea sombe, majani ya muhogo ya kukausha, umpelekee mtoto wao. Nilipoingia kwenye ndege kubwa ilikuwa karibu saa sita mchana, na nilikuwa nimechoka mpaka kwenye nywele. Nikaiona quarante et un. Kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Nikafurahi, nikakaa kwenye cha njiani, nikameza kidonge kizima. Ndege ikapaa, tukapewa maji, kisha wale wahudumu wakatuamuru tufunge madirisha, wakazima taa. Jua linawaka nje, ndani usiku. Nikaanza kusinzia vizuri kabisa.

"Pardon, maman. Nipitie kidogo."

Nikafumbua macho. Dirishani alikaa muzee. Alipitaje bila mimi kujua? Nilidhani aliniruka wakati nimefumba macho, na hilo peke yake lilinitia hasira. Alikuwa mwembamba, mwenye koti la kahawia, na mimi ni mshonaji, jicho langu linaona kifungo kabla ya uso. Kifungo cha katikati hakikuwa cha lile koti. Kilikuwa kidogo, cheupe, cha shati, kimeshonwa kwa uzi wa buluu. Mapajani alishika mfuko wa plastiki, na ule mfuko ulinuka sambaza za kukausha, wale dagaa wa ziwa letu, harufu ya nyumbani kabisa.

"Unatoka wapi, papa?"

"Kalehe, maman. Naenda kuona mutoto."

Mtu wa Kalehe, karibu na kwetu, mzee, anakuita maman kwa Kiswahili chenu, utamwambia nini? Nikasimama. Akapita, akaenda mpaka kwenye pazia la nyuma, akageuka, akanitazama. "Tembea na weye kidogo. Fika mpaka pale mbele, kisha urudi."

Nikatembea ili yaishe. Niliporudi alikuwa ameshakaa.

Saa moja haikupita. "Pardon, maman." Tena tukasimama, tena pazia, tena "tembea na weye." Kisha mara ya tatu. Chakula kilipoletwa, mhudumu aliweka sahani yangu peke yangu, akasukuma kigari chake akaenda. Nikamwita kwa Kifaransa, nikamuuliza mbona hampi na muzee. Akanitazama, akatabasamu kama watu wanavyowatabasamia wagonjwa, akaongeza mkate kwenye sahani yangu. Nikasema moyoni, tazama dharau hii, kwa sababu ana koti la zamani. Nikampa muzee ule mkate. Akaushika tu mkononi.

Mara ya nne. Ya tano. Niamini, sijawahi kumchukia mtu mzima namna ile. Dawa inanivuta chini kama kisima, kichwa kinaanguka, nikianza tu kuota, mkono baridi unanigusa begani: pardon, maman. Nilitaka kulia. Nilimlaani Maman Riziki na kiti chake. Yeye alipata jirani anayesinzia, mimi nimepata huyu! Mara ya sita nilimwambia achukue kiti changu cha njiani, apite anavyotaka, mimi niende dirishani. Akakataa kuhama pake.

"Hapana. Pa yangu njo hapa."

Mara ya saba uvumilivu wangu uliisha. Nilimgeukia. "Papa, na heshima yote. Mara saba! Weye iko na tumbo ya namna gani? Mi niko na mutoto anangojea Kanada, banaenda kumupasua, nataka kufika na akili yangu. Niache nilale!"

Hakukasirika. Alinitazama kwa upole ulionifanya nione aibu, na hasira ikazidi kwa sababu ya ile aibu.

"Zamani nilikuwaka na haya," akasema. "Nilikuwa naona mutu analala, nasema nisimusumbue. Kuona haya si muzuri, maman. Simama."

Nikasimama. Sijui kwa nini, nilisimama tu, nikatembea mpaka mbele na kurudi, huku natukana kimoyomoyo kwa Mashi, lugha yetu ya nyumbani. Mhudumu mmoja, mwanamke wa makamo, alinikuta njiani, akanishika kiwiko. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama ninaumwa, kwa maana wameniona nikisimama safari nzima na kuongea. Nikamwambia siumwi, naongea na huyu muzee asiyejua kukaa. Akatazama kiti, akanitazama mimi. Akasema, "Madame, hicho kiti kiko wazi tangu tulipoondoka. Inua mkono wa kiti, ujinyooshe, ulale."

Niligeuka. Blanketi la dirishani lilikuwa bado ndani ya plastiki yake. Mkanda ulikuwa umefungwa juu ya kiti kitupu. Ule mkate niliompa ulikuwa katikati ya kiti, mzima, na harufu ya sambaza ilikuwa palepale.

Sikukaa tena. Nilisimama karibu na vyoo mpaka waliponilazimisha nikae tukitua, na hapo nilifumba macho nikashika rozari yangu. Nilihisi mtu anapumua pembeni yangu? Sitakuambia, kwa sababu utacheka.

Nilishuka na miguu yangu miwili. Mguu wa kushoto haukuvimba hata kidogo, kiatu kilikuwa kinanipwaya. Alhamisi nilikuwa pembeni ya kitanda, Neema akafumbua macho akaniona, akalia, nikalia, na mtoto wa kike akalia kutushinda sote.

Wiki ya tatu watu wa kwetu walikuja kumtazama mtoto. Walileta mchuzi, walileta nepi, wakakaa. Nikawachekesha na kisa cha muzee wangu wa kiti cha dirishani, maana nilikuwa nimeamua kukifanya cha kuchekesha ili niweze kulala. Wote walicheka, isipokuwa kijana mmoja wa Kalehe aitwaye Bahati, ambaye mume wa Neema hufanya naye kazi. Aliweka glasi yake chini.

"Maman, ile koti ilikuwa na kifungo cheupe?"

Sikuwa nimetaja kifungo. Naapa mbele ya mjukuu wangu, sikuwa nimekitaja.

Kesho yake alirudi na lile koti ndani ya mfuko. Lilikuwa la kahawia, na kifungo cha katikati kilikuwa cha shati, uzi wa buluu. Nilikishika na vidole vyangu. Ulikuwa mshono wa mtu mwenye haraka. Bahati akasema mama yake alikishona asubuhi ya safari, wakati baba anaitwa apande kwenye gari. "Alikuwa anakuja kuniona, mwaka jana, mu mwezi wa nane. Batu bote bakashuka ku ndege, yeye akabakia amekaa. Docteurs banasema ni damu iliganda ku muguu. Papa alikuwa mutu wa haya sana, maman. Hata nyumba yake mwenyewe alikuwa anaizunguka kwa nyuma kama kuko wageni ku sebule, asibasumbue. Banasema pembeni yake kulikala maman moya, alikuwa analala." Akakunja koti. "Simulaumu. Papa hakumuomba njia."

Nikahesabu miezi. Nikahesabu tena, nikitumaini nimekosea.

Nilirudi Bukavu na kila aliyenipa kifurushi akadai habari. Maman Riziki alifika wa kwanza, amevaa kitenge kipya, anacheka tangu mlangoni. "Si nilikuambia kile kiti? Ulilala?"

Nikasema nililala.

"Unaona! Mi yule muzee wangu alikuwa muzuri kabisa." Akakaa, akavua viatu, akajisogeza karibu kama anayetaka kuongeza utamu. "Tena sikukuambia. Mara moya tu njo alinigusa ku bega, pole pole. Nikajua anataka kupita. Nikajifanya nimelala." Akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Akaacha! Hakurudilia tena."

Nilisema naenda kutazama chai. Nilisimama jikoni mpaka maji yakakauka kwenye sufuria, nikaweka mengine.

Sijamwambia. Ningemwambia nini? Bado anasimulia, kwenye misa, sokoni, kwenye harusi, na kila anayesafiri anamwelekeza kiti kilekile na kumfungia kidonge kwenye gazeti. Akifika kwenye bega ananipigia jicho nicheke naye. Mimi naangalia chini. Usiku nikiwa nimelala, saa fulani, bega langu linapata baridi, nami nasimama, natembea mpaka mlangoni, narudi. Mume wangu analalamika. Mwache alalamike.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, chagua kiti unachotaka, cha bawa, cha mbele, cha kumwona Mungu, mimi sijali. Ila ukikaa dirishani na unataka kupita, usimwonee mtu haya. Mwamshe, akikasirika akasirike. Na ukikaa njiani, ukaguswa bega gizani, tafadhali, nakuomba, fumbua macho.