Mafuta ya Nazi Juu ya Sitaha

Nilikuwa na miaka hamsini na sita, na miezi minne tu ya kustaafu, nilipopenda boti. Silifichi. Watoto wangu walidhani kukaa bure nyumbani Mabela kumenipa wazimu, na pengine walikuwa na haki, lakini wao walikuwa hawajaiona.

Aliyenipeleka kwenye boti hiyo ni fundi wake wa injini, Mkenya anayekaa mtaa wa Ruwi, ambaye mkewe hunishonea nguo. Aliniambia mwenye boti anatafuta mtu wa kutunza mbao na vyumba. Ningejaribiwa wiki moja, kisha Ijumaa baada ya sala mwenyewe angekuja kuangalia, aseme nibaki au niende. Miaka thelathini nilipanga mafaili wizarani. Nikajisemea, mbao zitanishinda nini?

Hiyo yakhti, kama tunavyoziita hapa kwa Kiarabu boti za starehe, ilikuwa ya zamani, mbao tupu kutoka chini hadi juu. Imezungukwa na maboti mapya meupe ya plastiki, yote yamefanana na viatu vya michezo. Yeye mbele omo yake imesimama wima, haina papara, na nyuma tezi lake limeviringana kama upawa. Usukani ni gurudumu la mbao lenye pete ya shaba, na bomba la moshi limelala nyuma kidogo, kwa maringo. Nilipoiona nikasema masha Allah kwa sauti, fundi akageuka kutazama nani anapita.

Ndani ndiko nilikorukwa na akili. Kila kitu kimefikiriwa na mtu anayejua kwamba bahari haitulii. Meza ina ukingo mdogo ili sahani zisikimbie. Vikombe vimekaa kila kimoja ndani ya tundu lake. Siku ya kwanza nilipigana na droo nusu saa nzima, navuta, nasukuma, nailaani, mpaka fundi akaja kunionyesha: unainyanyua kidogo kwanza, ndipo inatoka, ili mawimbi yasiifungue yenyewe. Nilifungua na kufunga droo zote kumi na nane. Kisha nikarudia. Nilikuwa na furaha ya kijinga, na kila siku iliyopita nilizidi kuiogopa Ijumaa.

Alhamisi nikaitazama sitaha. Ni mbao za msaji, nyembamba, ndefu, zimepangwa kwa ustadi wa kukutoa machozi, lakini zilikuwa kavu na zimepauka kama muundi usiopakwa mafuta. Nikazionea huruma. Kwetu mbao nzuri ina dawa moja. Kasha la mama lililotoka Unguja limepakwa mafuta ya nazi kila mkesha wa Idi tangu sijazaliwa, na mpaka leo ukiinama juu yake unaziona kope zako. Nikanunua chupa sita. Nikapiga magoti tezini na kupaka kwa kitambaa, ubao kwa ubao, mpaka omo. Sitaha ikageuka rangi ya asali. Nikasimama nikaitazama, nikacheka peke yangu kwa raha. Nilikuwa na hakika kazi nimeipata.

Asubuhi ya Ijumaa fundi akafika, akavua viatu, maana juu ya boti ile hapandi mtu na viatu. Akapiga hatua tatu. Sasa, sitaha ile haikulala sawa: katikati imeinuka, pembeni imeshuka, ili maji ya bahari yamwagike yenyewe. Fundi naye akamwagika.

"Mama!" akaita kutoka chini ya ukingo. "Umepaka nini hapa?"

"Mafuta ya nazi. Si zilikuwa kavu?"

"Zinaachwa kavu makusudi, ndio mguu ushike! Hii haipakwi kitu!"

"Kwetu zinapakwa."

"Kwani kwenu mnatembea juu ya sanduku?"

Tukamwaga sabuni, tukasugua, na povu likafanya mambo yawe mabaya zaidi. Sala ya Ijumaa ikaisha tukiwa bado magotini, fundi akasema, "Mudir huyo."

Mwenye boti alikuwa anakuja gatini na mkewe, kanzu nyeupe haina kunyanzi, mtu asiyecheka. Nilitaka kunyamaza, nasema kweli. Labda angepita pembeni, labda angeshika kamba. Lakini alikuwa mtu mzima kunizidi, na nikauona akilini mguu wake umevunjika kwa sababu yangu.

"Usipande, sheikh!" nikapiga kelele. "Nimeiharibu!"

Mguu mmoja ulikuwa umeshakanyaga. Hakuanguka. Aliteleza akiwa wima, polepole, kanzu imejaa upepo, akazunguka mara moja kamili, akaenda upande wa pili na kupokewa na ukingo. Mkewe akacheka mpaka akashika nguzo. Mimi nilijiziba mdomo, haikusaidia kitu. Nilicheka na machozi yananitoka, mbele ya mtu niliyetaka anipe kazi.

Yeye akaketi palepale. Akanusa kiganja chake.

"Nani katia nazi hapa?"

"Mie," nikasema. Nikamweleza yote, na kasha la mama pia.

Hakucheka. Alipitisha kidole juu ya ubao, kisha akaniangalia.

"Yatoke," akasema. "Ubao kwa ubao, kwa brashi laini na maji ya chumvi. Na hatogusa mtu mwengine. Uliyetia ndiye utakayetoa."

"Mpaka lini, sheikh?"

"Mpaka yaishe yote. Kabla ya hapo huendi pahala. Khalas."

Fundi akaniinamia sikioni.

"Mama, hayo mafuta hayaishi. Mbao imeshayanywa."

"Nnajua," nikamwambia. "Nyamaza."